Chunjua: Kugandisha au Leza? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninafanya kazi katika kliniki ya ngozi, kwenye chumba kile kidogo cha kuchomea na kukatia. Haipiti wiki bila mtu kuingia akiwa ameshaamua: "Mimi nataka leza," yaani achomwe kwa mwanga mkali wa mashine. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia ameiona kwenye simu, au jirani kamwambia kugandisha, yaani kuichoma chunjua kwa baridi kali, kunauma na hakuponyi. Mwingine anakuja anaiogopa leza kama moto. Maswali huwa ni yale yale, basi nimeyaandika hapa na kuyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu. Ninachozungumzia ni chunjua za kawaida: za vidole, viganja, magoti na nyayo.

Chunjua ni nini, na je, ina mizizi?

Ni uvimbe mdogo mgumu unaoletwa na virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi HPV. Aina zake zinazidi 200, na zinazopenda mikono na miguu ni chache, hasa aina ya 1, 2, 4, 27 na 57. Virusi huingia kupitia mchubuko mdogo au ngozi iliyolainika kwa maji, kisha huifanya ngozi ikue haraka kupita kiasi.

Mizizi haina. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wamejiumiza wakitafuta mzizi. Chunjua hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi tu, hata ile ya unyayo ambayo uzito wa mwili umeisukuma ndani. Vile vidoa vyeusi unavyoviona katikati ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Ukichimba kwa wembe au pini, unatoa damu, unaleta usaha, na unavisambaza virusi kwenye ngozi ya jirani. Nimeona kidole kilichoingia na chunjua moja, baada ya miezi miwili kikarudi na chunjua sita.

Nitajuaje kwamba si sugu, si funza, na si kitu kibaya zaidi?

Angalia mistari ya ngozi, ile unayoitumia kuweka alama ya kidole gumba. Kwenye sugu, mistari inapita juu yake. Kwenye chunjua, mistari inakatika na kuizunguka. Kisha bana pembeni kwa vidole viwili: chunjua ya unyayo huuma ikibanwa hivyo, sugu huuma zaidi ikikandamizwa kutoka juu. Daktari akiiparura kidogo, chunjua itaonyesha vidoa vyeusi au vitone vya damu.

Funza huwadanganya wengi, kwa kuwa naye ni uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati. Ila funza huwasha, hukua ndani ya siku chache, na hupenda kandokando ya kucha na kisigino cha mtu aliyetembea peku kwenye vumbi. Chunjua inakwenda polepole, wiki na miezi.

La kuogopa ni saratani ya ngozi ya aina ya melanoma. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, ikitokea, mara nyingi hutokea nyayoni, viganjani au chini ya ukucha. Bob Marley alifariki Mei 1981 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Basi doa jeusi la unyayoni linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, linalotoa damu lenyewe, au mstari mweusi unaotanuka ndani ya ukucha, lisigandishwe wala kupigwa leza na mtu yeyote kabla halijakatwa kipande na kupimwa maabara. Ukilichoma kwanza, umeuharibu ushahidi.

Ni lazima nitibiwe?

Hapana. Kwa watoto, karibu theluthi mbili ya chunjua hupotea zenyewe ndani ya miaka miwili, kwa sababu kinga ya mwili hatimaye huvigundua virusi. Kwa watu wazima huchukua muda zaidi. Tibu kama inauma, inasambaa, inakuzuia kazi, au inakunyima raha. Hiyo ya mwisho ni sababu halali kabisa. Fundi ushonaji anayewaficha wateja vidole vyake hahitaji kumwomba mtu radhi kwa kutaka tiba.

Kugandisha kunafanyikaje?

Tunatumia nitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwanza tunaiparura chunjua ili kuondoa ngozi ngumu ya juu. Anayeruka hatua hii anaigandisha ngozi iliyokufa. Kisha tunapulizia kwa kichupa maalum au kugusisha kijiti chenye pamba, sekunde 10 hadi 30 kulingana na ukubwa, hadi chunjua na ukingo wa milimita moja au mbili uwe mweupe kama barafu. Ikiyeyuka, mara nyingi tunarudia. Unarudi baada ya wiki mbili au tatu. Wengi huhitaji mara tatu au nne, na wengine zaidi.

Ndani ya siku moja au mbili lengelenge hujitokeza, pengine lenye damu. Usishtuke na usilipasue. Litanyauka, ngozi itatoka kama gamba baada ya wiki moja au mbili. Baridi huziua seli, lakini pia huleta uvimbe unaoiita kinga ya mwili mahali pale, na nadhani hapo ndipo penye nusu ya kazi.

Na leza?

Neno leza linafunika mashine kadhaa zisizofanana, na hapa ndipo matangazo yanapowachanganya watu. Ukiambiwa "tunatumia leza", uliza aina gani.

Leza ya kaboni dayoksaidi hupasha moto maji yaliyomo kwenye seli mpaka zinageuka mvuke. Kimsingi inaikata na kuichoma chunjua tabaka kwa tabaka. Inahitaji sindano ya ganzi, inaacha kidonda cha wazi, na kidonda hicho kinaweza kuchukua wiki kadhaa kupona, hasa unyayoni.

Leza ya rangi (kwa Kiingereza pulsed dye laser), yenye mawimbi ya nanomita 585 au 595, hailengi chunjua yenyewe. Nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na ndicho kinachotofautisha leza moja na nyingine. Inalenga wekundu wa damu ndani ya vile vimishipa vinavyoilisha. Damu inapata joto, mishipa inaziba, chunjua inakosa chakula. Kila pigo ni kama kuchapwa na mpira wa manati, na ngozi inabaki na weusi wa zambarau kwa siku kadhaa. Hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne.

Ya tatu ni ile ya nanomita 1064, inayoitwa Nd:YAG. Huzama ndani zaidi na haivutwi sana na weusi wa ngozi. Kwa nini hilo lina maana kubwa kwetu, nitaeleza chini kidogo.

Ipi inaponya zaidi?

Jibu la kweli linawavunja moyo wanaotaka leza: hakuna ushahidi imara kwamba leza inaishinda baridi kama tiba ya kwanza. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2000 liliwagawa wagonjwa 40. Waliopigwa leza ya rangi, asilimia 66 ya chunjua zao zilipotea, na waliopata tiba za kawaida, yaani kugandishwa au kupakwa kantharidini, dawa inayotoa malengelenge, asilimia 70. Tofauti hiyo haina uzito wowote.

Na baridi yenyewe isitukuzwe. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha matokeo ya watu 250 waliofuatiliwa kwa wiki 13. Kwa chunjua za kawaida, waliogandishwa walipona asilimia 49, waliopaka asidi ya salisiliki, dawa ya dukani inayomenya ngozi ngumu, asilimia 15, waliosubiri tu asilimia 8. Hapo kugandisha kulishinda waziwazi. Lakini kwa chunjua za nyayo, kwa mpangilio uleule, ilikuwa asilimia 30, 33 na 23, karibu sawa. Mwaka uliofuata Waingereza wakajaribu watu 240 wenye chunjua za nyayo: baada ya wiki 12 waliopona walikuwa asilimia 14 tu, kwa baridi na kwa asidi vilevile.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Chunjua ya mkono: kugandisha ni chaguo zuri la mapema. Chunjua ya unyayo: anza na asidi nyumbani, uvumilie. Leza iwekwe akiba kwa zile zilizokataa kila kitu kwa miezi, au zilizo mahali pagumu kama kandokando ya ukucha.

Ngozi yangu ni nyeusi. Kuna hatari gani ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi?

Hili ndilo swali ambalo natamani kila mtu angeliuliza kabla hajapanda kitandani. Picha nyingi za "kabla na baada" ni za ngozi nyeupe, na maelekezo mengi yaliandikwa kwa ajili ya ngozi hizo.

Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi ni dhaifu mno mbele ya baridi. Zinaanza kufa kwenye nyuzi kama 4 hadi 7 chini ya sifuri, wakati seli za kawaida za ngozi huhitaji nyuzi 20 hadi 30 chini ya sifuri. Maana yake, baridi inayotosha kuiua chunjua imeshaipita kwa mbali ile inayotosha kuiua rangi. Ndiyo sababu chunjua inaondoka na kuacha baka jeupe la duara mgongoni mwa mkono, mahali ambapo kila unayemsalimia anaona. Mara nyingi rangi hurudi ikitambaa kutoka kingoni au kwenye vinyweleo, kwa miezi. Ikigandishwa kwa nguvu sana, huenda isirudi. Kwa watu wanaolihusisha baka jeupe na ukoma au mbalanga, hilo si jambo dogo la urembo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua aliniambia wateja walianza kukataa kupokea chakula mkononi mwake. Alikuwa amepona chunjua, akapoteza biashara.

Viganjani na nyayoni shida ni ndogo, kwa sababu ngozi ya huko ina rangi kidogo tangu mwanzo. Mgongoni mwa mkono, kwenye goti, shingoni na usoni, mwombe anayekuhudumia agandishe kwa muda mfupi na kurudia mara nyingi zaidi, badala ya kumaliza kwa pigo moja refu.

Leza nayo haituachi hivihivi. Mwanga wa leza ya rangi hunyonywa na weusi wa ngozi kabla haujafika kwenye mishipa ya damu. Kwa hiyo nguvu inapungua pale inapotakiwa, na joto linabaki juu, linakuachia malengelenge, weusi uliozidi au weupe. Ile ya nanomita 1064 ni salama zaidi upande huu, ingawa inauma. Ya kaboni dayoksaidi inaacha kidonda, na kidonda chochote kirefu kwa mtu mwenye asili ya makovu yanayovimba ni kamari. Kama ulitoboa sikio na likaota uvimbe, au chanjo ya begani ilikuachia kovu nene, sema kabla, usingoje kuulizwa.

Mwenye ualbino hana hofu ya baka, ila jambo lolote gumu na lenye magamba kwenye ngozi yake iliyopigwa na jua lisidhaniwe ni chunjua. Linaweza kuwa mwanzo wa saratani, na linahitaji macho ya mtaalamu.

Ipi inauma zaidi?

Inategemea mahali kuliko kifaa. Ncha za vidole, kando ya kucha na nyayo huuma kwa vyote viwili. Baridi huchoma kama pilipili, kisha hupwita kwa saa chache. Paracetamol hutosha kwa wengi. Leza ya kaboni dayoksaidi haiumi wakati wa kazi kwa sababu ya ganzi, lakini sindano ya ganzi unyayoni ni maumivu yenyewe, na kidonda kinafuata.

Kuna dalili ambazo si za kawaida: ganzi isiyoisha ubavuni mwa kidole, ambako mishipa ya fahamu hupita karibu na ngozi, au ukucha unaoanza kuota vibaya. Rudi ukionyeshe.

Nimegandishwa mara mbili na bado ipo, tena sasa imekuwa duara. Walikosea?

Si lazima. Mara mbili ni chache. Hiyo pete inayoota kuzunguka mahali palipogandishwa tunaijua: katikati pamekufa, virusi vilivyokuwa kwenye ngozi ya pembeni iliyoonekana nzima vimeamka. Inatibika. Ukishafika mara tano au sita bila mabadiliko yoyote, hapo ndipo pa kusimama, kuhakikisha kweli ni chunjua, na kuzungumza kuhusu njia nyingine.

Hiyo asidi ya salisiliki inatumikaje?

Inapatikana duka la dawa, kwa nguvu ya asilimia 17 kwa ya majimaji, hadi 40 kwa plasta. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi, sugua kwa msasa wa kucha au jiwe la kusugulia miguu, kausha, paka mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima ya pembeni, kisha tone la dawa juu ya chunjua peke yake. Funika. Kila siku, hadi wiki 12. Jiwe hilo lisitumike kwa kitu kingine wala na mtu mwingine.

Wanaoshindwa wengi huacha wiki ya pili. Ngozi ikiwa nyekundu na inauma, pumzika siku mbili tatu halafu endelea. Usiweke usoni, sehemu za siri, wala kwenye mguu wa mwenye kisukari uliopoteza hisia.

Vichupa vya kugandishia nyumbani vinavyouzwa mtandaoni je?

Havina nitrojeni. Vina gesi nyingine ambazo hazifikii baridi ile hata kidogo. Vinaweza kusaidia chunjua changa na ndogo. Lakini hatari ya baka ipo palepale, kwa sababu kama nilivyosema, rangi haihitaji baridi kali ili iharibike.

Maji ya betri, utomvu wa mnyaa, kufunga uzi?

Tafadhali usifanye. Maji ya betri ni asidi kali inayokula nyama hadi chini. Nimefunga vidonda vyake kwa wiki nyingi kuliko chunjua yenyewe ingechukua. Utomvu wa mnyaa unaunguza ngozi, na ukigusa jicho unaweza kulipofusha. Uzi hukata damu kwenye kichwa cha chunjua, chini inabaki.

Mtoto wangu ana miaka mitano. Nimlete agandishwe?

Kwa kawaida hapana. Subiri, au paka asidi taratibu. Mtoto anayeshikwa na watu wawili ili achomwe na baridi atamwogopa kila mwenye koti jeupe, na kwa ajili ya kitu ambacho pengine kingeondoka chenyewe.

Nina VVU, kisukari, au nina ujauzito. Kuna tofauti?

Ipo. Kinga ikishuka, chunjua huja nyingi, kubwa na zisizosikia tiba kirahisi. Mtu mzima ambaye ghafla ameota makumi ya chunjua bila sababu, ni busara apime VVU. Ukiwa kwenye dawa za kufubaza virusi na kinga ikapanda, chunjua mara nyingi huitikia tiba vizuri zaidi, ingawa wengine huchukua muda mrefu.

Mwenye kisukari aliye na miguu yenye ganzi au damu isiyofika vizuri asigandishwe unyayo wala kupigwa leza bila daktari wake kujua. Kidonda kidogo huko kinaweza kuishia kukatwa mguu. Mjamzito anaweza kugandishwa. Dawa ya kupaka ya podofilini ndiyo asiyopaswa kuiona.

Moshi wa leza una madhara?

Ndiyo, na hili halisemwi vya kutosha. Leza ya kaboni dayoksaidi inapoichoma chunjua hutoa moshi ambamo vinasaba vya HPV vimewahi kupatikana. Chumba lazima kiwe na mashine ya kunyonya moshi karibu na kidonda, na wahudumu wavae barakoa za kuchuja. Wewe na wao mnapaswa kuvaa miwani ya kinga. Ukiona chumba hakina hata kimoja kati ya hivyo, ondoka.

Za usoni na za sehemu za siri?

Hizo ni habari nyingine. Za usoni, hasa zile bapa zinazosambazwa na wembe wa kunyolea ndevu, zina dawa laini zaidi za kupaka. Baridi na leza huko viguswe na mtaalamu tu. Za sehemu za siri huletwa na aina nyingine za HPV, zinatibiwa kliniki, na mwanamke aambatanishe na uchunguzi wa mlango wa kizazi. Chanjo ya HPV wanayopewa wasichana, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019, inalenga saratani ya mlango wa kizazi. Chunjua za vidole haizizuii, lakini binti yako achanjwe.

Huduma inapatikana wapi, na gharama je?

Kugandisha kunategemea nani ana nitrojeni. Ni kimiminika kinachopotea hewani siku hadi siku hata kikiwa kwenye mtungi wake, ndiyo maana kliniki nyingi hupanga siku maalum. Inapendeza kujua kwamba ni nitrojeni ileile inayohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe pale Usa River, Arusha, au Kabete kule Kenya. Hospitali za rufaa zenye idara ya ngozi ndizo za kuanzia. Mjini Moshi, Tanzania, katika eneo la hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992, na wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Huenda mmoja yuko hospitali ya mkoa wako. Leza utaikuta zaidi miji mikubwa na kwenye kliniki binafsi, na bei yake huwa juu kwa sababu mashine ni ghali kununua na kutunza.

Kabla ya kulipa, uliza: bei ni ya chunjua moja au ya kikao kizima? Vikao vingapi? Bima inaikubali au wanaiita urembo? Kama ni leza, ni ya nanomita ngapi, na mmeitumia kwa ngozi nyeusi kama yangu? Halafu mwambie akuonyeshe picha za mikono ya watu aliowatibu mwenyewe, zilizopigwa miezi sita baadaye.